Bambo kwenye diski ya karani

Alifika saa nne asubuhi, jua la Mtwara limeshakaza na feni ya kibanda changu imeshaanza kulia. Kifuani amekumbatia kifurushi cha kitambaa kama mtu aliyebeba mtoto wa siku tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule binti wa kompyuta?"

Nikamwambia ndiye mimi, karibu kiti. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Ndani mfuko wa sukari, na ndani ya mfuko hadidiski ya kompyuta ya mezani, GB 500, skrubu zimeanza kutu. Hapa pwani kila chuma kina siku zake.

"Kila kitu chetu kimo humu," akasema. "Fundi mmoja kaniambia diski ni tupu. Mimi nikamwambia haiwezekani."

Mzee ni karani wa chama cha msingi huko juu Tandahimba. Jina la chama nitaliacha. Kwenye diski kulikuwa na uzito wa korosho za wanachama tangu msimu wa 2016, namba za stakabadhi, malipo ya kwanza na ya pili. Daftari za karatasi zipo, lakini mchwa wamekwishasoma nusu yake. Kompyuta ya ofisi iliungua bodi, umeme ulikatika ukarudi na hasira. Na wiki hiyohiyo mkulima mmoja alikuwa anakuja ofisini kila siku kudai kwamba gunia zake 2 za msimu uliopita hazikuhesabiwa.

Nikamuuliza ile kompyuta ilikuwa ya Windows? Akasema hapana, kulikuwa na kijana aliyeiwekea "ile nyingine", Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa sababu virusi vilikuwa vimewasumbua. Kijana alishahamia Dodoma. Na yule fundi wa kwanza, kwenye kompyuta yake kilitokea nini?

"Kilitokea kidirisha. Kikauliza swali. Halafu mimi nikatoka nje kupokea simu."

Hapo roho yangu ikashuka. Swali hilo nalijua.

*

Windows ikikuta diski ambayo haielewi, hutoa kidirisha kinachosema, kwa lugha yetu: unatakiwa kuifomati diski iliyo kwenye E: kabla ya kuitumia, je, unataka kuifomati? Chini yake vitufe viwili, na kile cha kufomati ndicho kinachotangulia.

Nimeichukia sentensi hiyo kwa miaka. Maneno yake si uongo, ila yamemeza nusu ya habari. Ilichopaswa kusema ni hiki: humu kuna maandishi, lakini mimi siyajui. Ni sawa na mgeni akute mezani barua ya Kimakonde, kwa kuwa hajui Kimakonde akasema karatasi hii imechafuka, niipige chokaa? Na aliyekaa mbele ya kioo, ana haraka, mteja amesimama, anajibu ndiyo.

Sijitoi. Mwaka 2014 nilibonyeza mwenyewe, memori kadi ya binamu yangu yenye picha za harusi. Mpaka leo nikienda kwao Mikindani mama yake hunikaribisha chai, kisha hukaa kimya kwa muda kabla ya kuuliza kazi inaendaje.

Diski yenyewe haijui mafaili ni nini. Kwake kila kitu ni vijisanduku vyenye namba, kutoka sifuri hadi mwisho. Habari kwamba vijisanduku hivi ni faili moja, jina lake ni hili, liko ndani ya folda ile, huandikwa humohumo kwenye diski kwa utaratibu fulani, na utaratibu huo ndio tunaouita mfumo wa mafaili. Taratibu ziko nyingi. Windows ina FAT iliyozaliwa 1977, NTFS iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, na exFAT ya 2006. Linux ina ext4, XFS, Btrfs na kundi zima la wengine. Mac wana zao. Diski ni ileile, chuma kilekile, lakini anayejua utaratibu mmoja akiletewa mwingine anaona mikwaruzo tu.

Sasa mfumo wa uendeshaji unajuaje huu ni upi? Hilo ndilo mzee aliniuliza nilipokuwa natafuta waya. Nikamwambia unachungulia mahali maalumu na kutafuta alama. Akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Ahaa. Kumbe mnachoma bambo."

Asiyelijua bambo: ni kile kichuma chenye ncha na mfereji, mfano wa msumari mkubwa uliopasuliwa. Karani wa ghala analichoma kwenye gunia la ufuta au mbaazi, analivuta, na mferejini zinatoka punje za ndani kabisa. Korosho ni kubwa, hizo hupimwa kwa kukatwa. Lakini gunia la ufuta likifika ghalani, karani hasomi lebo akaamini. Lebo ni maneno ya aliyeiandika. Anachoma bambo.

Nilikuwa nimehangaika miaka kutafuta mfano wa kuwaeleza wateja wangu, na mzee kanipa bure.

*

Diski nayo ina lebo yake. Kwenye diski nyingi za zamani, sekta ya kwanza kabisa, yaani kijisanduku namba sifuri, ina jedwali dogo la sehemu nne, yaani partishoni, kila sehemu imepewa baiti 16 za maelezo. Moja kati ya hizo 16 inasema sehemu hii ni ya aina gani. Namba 83 ni ya Linux (hizi huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ndiyo maana nyingine zina herufi). 0B na 0C ni FAT32. Na 07? Hiyo ni NTFS. Lakini pia ni exFAT. Lebo moja, bidhaa mbili zisizofanana hata kidogo, kwa hiyo hata kama umeiamini bado hujajua kitu.

Linux haijishughulishi sana na lebo hiyo. Inachoma. Na kila mfumo wa mafaili una mahali pake pa kuchomwa, kwa sababu kila mtunzi aliweka alama yake pale alipoona panafaa. XFS imeweka herufi XFSB mwanzo kabisa, baiti ya sifuri, bila aibu. NTFS imeandika jina lake kuanzia baiti ya 3, na exFAT nayo palepale. Sidii ina herufi CD001 kwenye baiti ya 32769. Btrfs imejificha ndani zaidi, kilobaiti 64 kutoka mwanzo, na alama yake ni herufi zilizochanganywa kama nywila ya mtoto wa shule: _BHRfS_M.

Ext, ambayo ndiyo kijana wa Dodoma aliyoitumia, huacha baiti 1024 za mwanzo wazi, kwa ajili ya programu za kuwashia kompyuta. Baada ya hapo ndipo lilipo bamba lenye habari zote kuu, mafundi tunaliita supabloku: ukubwa wa vijisanduku, idadi ya mafaili, jina la diski, tarehe. Alama iko baiti ya 56 ndani ya bamba hilo, yaani ya 1080 ukihesabu kutoka mwanzo.

Nilimwonyesha mzee kwenye diski ya dukani kwangu, kabla sijaigusa ya kwake. Kwenye kioo kikatokea kipande hiki:

29 00 ff ff 53 ef 01 00

Nikamwekea kidole kwenye 53 ef. Hiyo ndiyo alama ya ext, namba EF53 iliyoandikwa kinyumenyume, kwa sababu kompyuta hizi huanza na baiti ndogo. Ile 01 inayofuata inasema diski iko salama, haina kasoro iliyoandikwa. Na 29 ya mwanzo ni hesabu, kwa namba zetu za kawaida ni 41 (2 mara 16, jumlisha 9): imepachikwa, yaani imeunganishwa ili isomwe, mara 41 tangu ikaguliwe mara ya mwisho.

"Inajihesabu yenyewe?" akauliza. Kwa mtu wa daftari, hilo lilimgusa kuliko mengine yote.

Jambo la kuchekesha ni kwamba ext2, ext3 na ext4 zina alama moja. Ext2 ni ya 1993, ext4 ilikuja kukubalika rasmi mwishoni mwa 2008, na bado zote ni EF53. Kuzitofautisha inabidi usome mbele zaidi, orodha ya vipengele: ina daftari la kuandikia mabadiliko kabla hayajafanyika? Basi si ext2. Inarekodi mafaili kwa mafungu marefu badala ya kijisanduku kimojakimoja? Basi ni ext4. Bambo linakuambia ni ufuta. Kujua ni ufuta wa daraja gani, lazima umwage kiganjani uutazame.

FAT ndiyo kichefuchefu. Haina alama ya maana. Mwisho wa sekta yake ya kwanza kuna 55 AA, lakini hiyo huwa kwenye sekta yoyote ya kuwashia, hata ya NTFS. Ukienda baiti ya 82 utakuta pameandikwa FAT32, mtu akifurahi. Maelezo ya Microsoft wenyewe yanasema maandishi hayo si ya kutegemewa, na kwamba aina ya FAT hujulikana kwa jambo moja tu: idadi ya mafungu ya data. Yakiwa chini ya 4085 ni FAT12, chini ya 65525 ni FAT16, kuanzia hapo ni FAT32. Waliotengeneza lebo wanakwambia usisome lebo.

Na hapa niwaseme kidogo vijana wa sabufa. Kila wiki naletewa fleshi "mbovu", yaani imegoma kwenye sabufa au kwenye redio ya bajaji. Nikiichoma kwenye kompyuta, nyimbo zote zimo. Si mbovu. Aliyeifomati ameiweka NTFS au exFAT, na sabufa ya bei ya chini imefundishwa FAT32 tu, basi. Upande wa pili wapo wapiga video za harusi, wanakuja wakilalamika fleshi ya GB 64 inakataa faili la GB 6 ikisema haina nafasi. Nafasi ipo. FAT32 huandika ukubwa wa faili kwenye kisanduku cha biti 32, na humo haviingii zaidi ya GB 4 kasoro baiti moja. Nimeeleza hili mara nyingi kiasi kwamba nimefikiria kulichora ukutani.

*

Kutambua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kile mafundi tunachokiita kumaunti, na mimi napenda kusema kupachika.

Kwenye Windows kila diski hupewa herufi na kukaa kivyake, C, D, E, kama vibanda sokoni. Linux ina mti mmoja tu, shina moja, na kila diski mpya hupachikwa kwenye tawi fulani la mti huohuo. Wenzangu wa Mtwara wataelewa upesi: pale Naliendele, jirani na mji, wanabebesha mikorosho. Shina la mche mmoja, kikonyo cha mkorosho mwingine wenye mazao bora, vinafungwa pamoja, na baada ya muda maji yanapanda kama vile ni mti mmoja tangu mbegu. Ukipachika fleshi ya FAT kwenye folda ya mti wa ext4, programu ya kuandikia barua haijui kwamba imevuka mpaka. Inasema fungua faili, linafunguka. Na kama ile folda ilikuwa na vitu kabla ya kupachika, havifutiki, vinafunikwa tu mpaka utakapochomoa.

Anayefanya mti uonekane mmoja ni tabaka moja ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, mkalimani, ambaye programu zote huongea naye. Wazo hilo walilileta watu wa kampuni ya Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980, walipotaka diski ya hapa na diski iliyo kwenye mtandao zifunguliwe kwa amri zilezile. Linux ililipata mapema sana: mwanzoni ilitumia mfumo wa mafaili wa Minix, ambao haukuzidi MB 64 na majina ya mafaili yalikomea herufi 14, na ext ya kwanza ya mwaka 1992 ndiyo iliyoanza kutumia tabaka hilo. Kila mfumo wa mafaili hujiandikisha kwa mkalimani: mimi naitwa fulani, na hivi ndivyo vitendo vyangu vya kufungua, kusoma, kuandika. Ukitaka kuona waliojiandikisha kwenye kompyuta yako, soma faili /proc/filesystems. Wenye neno nodev pembeni ni wale wasiohitaji diski, wanaishi kwenye kumbukumbu au kwenye mtandao.

Ukichomeka fleshi, kerneli huona kifaa tu na partishoni zake. Anayechoma bambo si kerneli. Ni maktaba ya programu iitwayo libblkid, iko nje, na inaijua mifumo mingi. Ikipata jibu, amri ya mount huipelekea kerneli: hiki kifaa, hii folda, aina ni vfat (hivyo ndivyo Linux inavyoiita FAT). Kerneli ikiona vfat haijajiandikisha, huiita moduli yake, kipande cha programu kinachoujua mfumo huo, ije ijiandikishe. Kisha dereva wa vfat, yaani hicho kipande chenyewe, husoma mwenyewe sekta za mwanzo na kuhakiki upya, hachukui neno la mtu. Ndiyo maana ukidanganya, ukasema ni ext4 wakati ni NTFS, hupati mti ulioharibika. Unapata lile jibu maarufu la kukata tamaa, kwamba aina si sahihi, au chaguo si sahihi, au supabloku ni mbovu, chagua mwenyewe.

Windows nayo hubahatisha kwa kupokezana. Hupitisha diski kwa dereva mmoja baada ya mwingine, wewe unaijua hii? Wewe? Wote wakikataa, anayeichukua ni wa mwisho kwenye foleni anayeitwa RAW, ambaye hajui chochote isipokuwa kwamba kuna diski. Kile kidirisha cha kufomati hutokea hapo.

*

Sasa diski ya mzee.

Niliiweka kwenye kasha la USB, nikaitazama kwa amri ya blkid. Sehemu ya kwanza, ext4. Sawa, hiyo ilikuwa ya mfumo wenyewe. Sehemu ya pili, ile kubwa ya mafaili: ntfs.

Nikamuuliza mzee mara mbili kama kompyuta yao ilikuwa na Windows pembeni. Akakana mara mbili. Nikatazama lebo kwenye jedwali la partishoni. Sehemu ya kwanza 83. Ya pili 07. Hapo mkasa wote ukajieleza. Kijana wa Dodoma alikuta kompyuta ina Windows yenye C na D. Akaiweka Linux kwenye C, na ile D akaifomati kwa mkono kuwa ext4. Lakini amri ya kufomati haigusi jedwali. Lebo ikabaki 07 miaka yote hiyo, na Linux haikujali kwa kuwa yenyewe inachoma bambo.

Fundi wa kwanza alipoichomeka kwenye Windows, sehemu ya kwanza yenye 83 Windows ikaipita kimya, hiyo si ya kwangu. Ya pili ikaona 07, ikafurahi, ikaipa herufi, ikachungulia ndani, ikakuta mambo ya ext4. Ndipo swali. Na mzee alipokuwa nje kwenye simu, jibu likatolewa. Format ya haraka.

Ningekuwa na neno la kumwambia fundi yule, lakini kumbuka binamu yangu wa Mikindani.

Bahati ya mzee ilikuwa mbili. Ya kwanza, diski yake ni ya sahani zinazozunguka. Ingekuwa SSD, ile isiyo na sahani, format ya haraka ya Windows huiambia diski kwamba nafasi yote haina mwenyewe, na SSD huanza kufagia. Ya pili ni watunzi wa ext. Bamba lile la habari kuu hawaliweki mahali pamoja. Format ya NTFS ilifuta kilobaiti chache za mwanzo na pamoja nazo bamba la kwanza, lakini nakala zake ziko ndani. Kwa vijisanduku vya kilobaiti 4, nakala ya kwanza iko kijisanduku namba 32768, inayofuata 98304, kisha 163840, na kuendelea.

Kabla ya yote nikachukua nakala ya diski nzima, baiti kwa baiti, kuingia kwenye faili moja kwenye diski yangu. Kwa USB ya zamani niliyokuwa nayo ilikwenda karibu saa tano. Mzee hakuondoka. Alitoka kuswali, akarudi, akanunua mihogo ya kukaanga, akanigawia. Umeme ulipepesa mara moja saa nane, tukatazamana, ukatulia.

Jioni ndiyo nikajaribu kupachika. Kazi yote ilikuwa kwenye nakala, ile diski ya asili niliichomoa na kuiweka juu ya kabati. Nikaiambia mount: usisikilize bambo safari hii, aina ni ext4, soma tu usiandike, na bamba usilitafute mwanzo, litafute kwa sb=131072. Namba hiyo imeniangusha zamani. Chaguo hilo huhesabu kwa kilobaiti moja moja, kwa hiyo kijisanduku 32768 cha kilobaiti 4 lazima ukizidishe mara 4. Ukiandika 32768 ilivyo, unaambiwa supabloku ni mbovu na unaanza kumtangazia mteja msiba usiokuwepo.

Nikabonyeza. Kioo kikakaa kimya. Kwenye Linux kimya ni habari njema.

Nikaorodhesha folda. UZITO. MALIPO. STAKABADHI. WANACHAMA. Na folda moja inaitwa MUZIKI, ambayo mzee aliitazama kisha akatazama pembeni.

Si yote yalirudi. NTFS ilipofomatiwa iliandika pia vitabu vyake vyenyewe, na orodha yake kuu Windows kwa kawaida huianzisha kwenye GB ya 3 hivi kutoka mwanzo. Chochote cha chama kilichokuwa hapo kimekwenda. Mafaili 11 hayakufunguka. Mengi yalikuwa ya muziki.

Mzee akaomba tufungue msimu uliopita. Akavaa miwani, akashuka mistari kwa kidole, polepole, midomo ikisoma majina. Akafika kwa yule mkulima. Akahesabu. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akahesabu tena.

"Ana haki," akasema. "Gunia 2. Niliziruka mimi."

Akakaa muda bila kusema. Kisha akaniuliza deni lake, akalipa, akaongeza kilo ya korosho zilizobanguliwa ambazo alikuwa nazo muda wote kwenye begi.

Mafaili nikampa kwenye diski mpya, NTFS, maana kompyuta mpya ya ofisi ni ya Windows na sitaki aje kuulizwa tena lile swali. Ile ya zamani nilitaka aniachie. Akakataa. Akaniomba kalamu na kipande cha plasta ya karatasi, akakibandika juu ya chuma, akaandika kwa mwandiko wa karani wa zamani, herufi zimelala upande mmoja: SI TUPU.

"Mzee, hiyo nayo ni lebo," nikamwambia.

"Najua. Asiyeamini na achome bambo," akajibu, akaanza kufunga fundo la kwanza.